Kosa la Kujuana

Jina la nchi yetu sitaliandika hapa, na si kwa woga. Ofisi ya Mipaka inaiita hivi, Ofisi ya Stempu inaiita vile, na Ofisi ya Wimbo wa Taifa bado inatumia jina la zamani kwa kuwa ndilo linaloimbika. Wote wako sahihi, kila mmoja dirishani kwake. Mimi ni bibi kizee, sitaki kumkosesha mtu. Nitaiita nchi yetu, na aliyewahi kuishi humo ataijua.

Zamani hatukuwa na madirisha. Tulikuwa na Jumba Kuu, na ndani yake kila karani alimtegemea mwenzake. Wa vizazi hakuandika mtoto mpaka wa ndoa amtafutie cheti cha wazazi. Wa ndoa hakufungua kabati mpaka wa mihuri ampe ufunguo. Na wa mihuri, Bwana Shaame, alikuwa mtu mmoja tu mwenye mashavu mawili. Mwaka mashavu yale yalipovimba kwa matumbwitumbwi, serikali ilisimama siku kumi na moja. Hakuna aliyezaliwa, hakuna aliyeoa, na waliokufa waliambiwa wavumilie. Watu wema walimpelekea Bwana Shaame uji. Lakini siku ya tisa Mheshimiwa Rais naye alihitaji muhuri, wa leseni ya farasi wake, akaambiwa angoje mashavu yapungue. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba taifa lina tatizo.

Mjukuu wangu Radhia alikuwa amerudi majuzi kutoka masomoni ng'ambo. Mama yake alifariki Radhia akiwa na miaka miwili, tukamlea mimi na mume wangu Makame. Kwa utani wa mababu na wajukuu, Makame alimwita "mke wangu", na mimi nikamwita "mke mwenzangu". Huko ng'ambo alisomea kompyuta: jinsi ya kupanga programu kubwa ili kipande kimoja kikiharibika, vingine viendelee na kazi.

"Bibi, tazama mafiga yako," aliniambia siku moja jikoni, amekaa juu ya mbuzi ya nazi. "Ukiondoa figa moja, chungu kinafanyaje?"

"Kinaanguka, na wewe unalala na njaa."

"Ndivyo Jumba Kuu lilivyo. Sisi tunatenganisha. Kila huduma na jiko lake. Jiko la wali halijui jiko la mchuzi linapikaje, wala linapikiwa na nani. Linaomba mchuzi kwa karatasi, linaletewa. Jiko moja likizimika, mengine hayana habari. Tunasema yameunganishwa kwa kulegea."

"Na mpishi wa wali akitaka kujua kama mchuzi una chumvi?"

"Hana haja ya kujua, mke mwenzangu. Karatasi itamwambia."

Nilimwona ana akili sana. Hata leo nasema kuhusu chungu alikuwa sahihi.

*

Radhia alipopeleka maneno hayo Ikulu, Mheshimiwa Rais alimpenda siku ile ile. Ukaundwa Mfumo wa Kulegeza, akateuliwa Waziri wa Kulegeza, na Radhia akawa Mhandisi Mkuu. Waziri alituhutubia uwanjani, juani, akiwa chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu asiyejulikana.

"Ndugu wananchi! Adui yetu ni nani? Ni kujuana! Nani kati yenu hajawahi kunyimwa haki yake kwa sababu fulani anajuana na fulani? Basi kuanzia leo ofisi hazijuani! Wizara ya Maji haitajua kama kuna Wizara ya Mifereji! Mkono wa kulia wa serikali hautajua kama kuna wa kushoto! Na mimi mwenyewe sitajua nililolisema hapa mpaka nipokee nakala!"

Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa maana kujuana kulikuwa kumetuumiza kweli.

Jumba Kuu likavunjwa vyumba, yakatobolewa madirisha arobaini yenye vioo vyeusi. Kila dirisha lilipewa huduma moja, fomu moja na kapu moja. Ukitaka kitu unajaza fomu, unaitia kapuni, unapewa risiti. Makapu huchukuliwa kwa gari hadi Kituo cha Makapu, upande wa pili wa mji, yakapangwe, kisha barua zirudi kwenye madirisha yanayohusika. Karani hajui ombi limetoka kwa nani, wala jibu lake linakwenda kufanya nini. Karani akimjua karani wa dirisha jingine, hata kwa jina tu, hilo ni Kosa la Kujuana, na kosa hilo lina gereza.

Kwa kuwa barua hutembea kwa mwendo wake, ilitokea dirisha hili likajua jambo ambalo lile halijalijua. Jirani yangu Bi Jokha alikuwa mjane dirisha la nne na mke wa mtu dirisha la saba, kwa miezi miwili, na marehemu akiitwa kila Jumamosi kufyeka majani barabarani. Serikali ilituondolea wasiwasi kwa bango kubwa: UKWELI UTAFIKA.

Hata salamu ziliwekewa utaratibu. Kijana mmoja aliniambia shikamoo mbele ya dirisha la tano, mlinzi akamweleza kwa upole kwamba salamu ni ombi la jibu. Kijana akaiandika, akaitia kapuni. Nilijaza marahaba yangu Jumatatu, ikamfikia Alhamisi. Nasikia alifurahi.

Radhia hakuwa tena na nafasi ya kuja Ijumaa kula nasi. Alituma salamu kwa kapu. Zilifika zote.

*

Makame wangu alikuwa tarishi wa Jumba Kuu miaka thelathini na minne. Tarishi ni mtu wa kubeba karatasi kutoka meza hii hadi meza ile, na kujua kila mtu anakunywa chai yake namna gani. Mfumo ulipokuja, alistaafishwa kwa heshima na kupewa saa ya ukutani.

Jumanne moja alikwenda madirishani kuripoti bomba lililopasuka. Akamkuta mwanamke kijana, mtoto mgongoni, analia. Kadi ya kuzaliwa ya mtoto ilikuwa imeandikwa na dirisha la tisa, na dirisha la kumi, la chanjo, lilikuwa linaihitaji.

"Iko kapuni," anasema wa tisa.

"Haijafika," anasema wa kumi.

"Lakini si ile pale naiona!" anasema mwanamke.

"Unaiona wewe," anasema wa kumi. "Sisi hatuoni."

Makame akamwambia, "Usilie, mwanangu. Kutoka hapa mpaka pale ni hatua kumi na mbili. Mimi ndiye niliyezichakaza." Akaitoa kadi kapuni, akatembea hatua zake kumi na mbili, akagonga kioo cheusi. "Fumu! Najua ni wewe, nasikia unavyopiga chafya. Shika, ya mtoto huyu. Mkeo hajambo?"

Baadaye nilielezwa kwamba hayo yalikuwa makosa matatu kwa pumzi moja: kubeba, kutaja, na kuuliza hali ya mke.

Mtoto alichanjwa. Wiki mbili baadaye wakaja askari wawili. Walivua viatu mlangoni, na mmoja alimsaidia Makame kuvaa koti kwa sababu bega lake la kushoto halinyanyuki vizuri. Nikawauliza ni nani aliyemshtaki.

"Mama, hati imetoka kapuni," alisema yule wa koti. "Kapu halina jina."

*

Mahakama haikuchelewesha kesi. Jaji, mama mwenye sauti ya taratibu, aliisoma sheria mara mbili.

"Hapa imeandikwa 'karani atakayejuana'. Huyu mzee ni karani?"

"Ni tarishi mstaafu, Mheshimiwa."

"Basi sheria haimgusi. Mzee, uko huru."

Nikapiga vigelegele mahakamani. Jaji aliniacha nimalize, kisha akainama kidogo. "Mama, yuko huru hapa. Gereza litajua barua yetu ikifika."

"Gereza lenyewe liko wapi, Mheshimiwa, niwahi?"

"Mahakama haijui kama kuna gereza," alisema. Akanitazama, akaongeza polepole: "Ila mtu akitoka hapa na kuvuka barabara, huona lango la kijani."

Nilimshukuru sana. Nilivuka barabara nyuma ya Makame, yeye kati ya askari wawili, mtu huru anarudishwa gerezani kungoja habari zake. Sajini wa lango alisikiliza maneno yangu yote bila kunikatiza.

"Mama, kwa macho yangu namwona huru," alisema. "Lakini dirisha langu halina macho. Barua ikija, hata saa hiyo hiyo nafungua."

Barua haikuja wiki ile, wala mwezi ule. Sakafu ya gereza ilikuwa ya saruji na Makame ana miaka sabini na sita. Kikohozi kilianza kama mzaha, kikashuka kifuani, kikakaa. Sajini alivua sweta lake mwenyewe, la rangi ya kahawia, akamvisha. Kila nilipopeleka chakula nilimkuta amepungua ndani ya sweta lile, mpaka ikawa kama sweta ndilo linalokaa kitako na kunisalimu.

"Mwambie mke wangu mdogo," alinong'ona. "Yeye ndiye mwenye makapu. Akijua, halali."

*

Radhia alikaa dirisha la kwanza, ambalo kioo chake ni cheusi kuliko vyote. Lakini sauti ya mtoto uliyemlea haizuiwi na kioo.

"Namba ya ombi," ilisema.

"Mke mwenzangu, ni mimi. Mume wetu anakohoa."

"Namba ya ombi, tafadhali."

"Radhia. Mahakama imemwachia, barua haijafika gerezani. Wewe ndiye uliyeyatengeneza makapu haya. Inuka tu, nenda kawaambie."

"Mama," alisema. Aliniita mama, kama mtu aliyekutana nami sokoni. "Nikiinuka kwa ajili ya mmoja, wote watataka niinuke. Mfumo hauwezi kusimama juu ya miguu yangu."

"Basi babu yako ndiye asimame? Anashindwa kusimama, Radhia."

"Anakohoa damu?" Hilo aliuliza kwa sauti ya chini, sauti yake ya nyumbani.

"Bado."

"Jaza fomu ya nne, toleo la tatu," alisema kwa sauti ya dirisha.

Nikamwomba tena. Nilipomwomba mara ya tatu, pazia la bati lilishuka puu! Nilifikiri nimevunja kitu. Mlinzi akaniletea kiti chake mwenyewe.

"Ni kanuni, mama. Dirisha likiulizwa jambo moja mara tatu, hujifunga lisichoke. Usijilaumu. Hili huchoka mapema." Akatazama kushoto na kulia. "Barua isiyofika haipotei. Ikikataliwa mara tatu hupelekwa nyuma ya Kituo cha Makapu, chumba cha barua maiti. Mimi sijasema kitu."

*

Chumba cha barua maiti hakikuwa na dirisha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kwenda kuomba kitu humo. Kilikuwa na rafu hadi darini na mama mmoja, Bi Mwanamvua, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinimiminia chai ya tangawizi kabla hajaniuliza shida yangu.

"Zote hizi hazikufika?" nikamuuliza.

"Zote, dada yangu."

"Na walioziandika hawaambiwi?"

"Waambiwe nini? Wana risiti zao, wanalala vizuri."

Tulitafuta tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kila mmoja na rafu yake. Ni yeye aliyeipata. Barua ya kumwachia Makame ilikuwa imekufa ikiwa na siku nne. Mahakama ilitumia toleo la pili la fomu, lenye mstari mmoja wa jina. Gereza lilikuwa limehamia toleo la tatu, lenye mistari mitatu. Lilisoma "Makame", likaona mistari miwili mitupu, likaamini kuna wafungwa wengine wawili hawajatajwa. Likairudisha mara tatu, ili wasidhulumiwe.

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka nikalia kidogo.

"Kuna nyingine ya mtu wako," alisema Bi Mwanamvua, akavuta karatasi ya chini. "Hii ni hati ya mashtaka. Ilitumwa kwanza kwenye fomu ya zamani, ikafa. Wakatuma mpya, hiyo ikafika. Hii ya kwanza ikabaki kwangu."

Nikaisoma. Mshtakiwa: Makame Haji Pandu. Kosa: Kujuana. Sababu ya kushtaki: awe mfano kwa wengine. Mshtaki: Mhandisi Mkuu. Na chini, kwa mkono, jina. Herufi R ilikuwa na mkia mrefu unaopinda kama wa paka. Nilikuwepo siku Makame alipomfundisha kuiandika, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jiko langu, akimwambia, "Mke wangu, usiikate mkia, itaanguka."

Bi Mwanamvua aliniona uso. Akanipa mgongo, akapanga rafu ambayo tayari ilikuwa imepangika, akaipanga kwa muda mrefu sana. Sijasahau wema ule.

Alipogeuka, alichukua fomu mpya, akanakili barua ya jaji kwa mwandiko mzuri: Makame mstari wa kwanza, Haji wa pili, Pandu wa tatu.

"Hutapata matatizo, dada yangu?"

"Matatizo gani? Sijakuona. Simjui Makame. Barua imefufuka, basi. Siku tisa, isipokufa tena."

Ile ya mashtaka niliikunja, nikaifunga kwenye pindo la kanga.

*

Nilijaza fomu ya nne, toleo la tatu, kama nilivyoelekezwa. Ombi: njoo nyumbani. Sababu: mkia wa R.

Kumbe lipo ombi linalofika haraka. Radhia alikuja kesho yake alasiri, na gari lake, na nishani mpya kwenye koti: Nishani ya Kutojuana, daraja la kwanza. Alisimama mlangoni mwa jikoni, hakuingia.

"Nilihitaji mfano, Bibi," alisema. "Watu walikuwa wanasema nawalinda walio wangu. Ningemshtaki babu wa mtu mwingine, ungeniita dhalimu."

"Ukamtafuta wako."

"Alifanya hadharani! Mbele ya madirisha mawili! Na nilijua mahakama itamwachia, niliisoma sheria kabla sijaandika. Nilipiga hesabu: siku mbili, ya tatu yuko hapa anakula. Mfano unapatikana na hakuna anayeumia."

"Leo ni ya hamsini na nne."

"Barua ilikufa. Sikuwa na njia ya kujua."

"Nilikuja dirishani kukwambia. Ukanishushia bati."

Alianza kulia, kama alivyokuwa akilia utotoni, bila sauti, kidevu tu kinacheza. Mkono wangu ulimpa upindo wa kanga kabla mimi mwenyewe sijaamua. Akafuta macho.

"Utamwambia?" aliuliza.

Chungu kilikuwa kinafurika. Nikaenda kukiepua.

*

Barua ilifika. Siku ya sitini na mbili lango la kijani lilifunguliwa, na nje yake alikuwepo Waziri mwenyewe na kipaza sauti, kwa kuwa mtu aliyeachiwa ni ushahidi.

"Ukweli umefika!" alinguruma. "Siku sitini na mbili tu! Na umefika wenyewe, ndugu zangu, bila mtu yeyote kumsaidia mtu yeyote!"

Makofi. Sajini wa lango alikuwa amemshika Makame kiwiko ili asijikwae, lakini kutoka mbali ilionekana kama anamlinda. Makame aliangaza macho kwenye umati. Alinipita mimi, maana nilikuwa nyuma ya watu, akamwona Radhia pembeni ya Waziri.

"Mke wangu!" alipaza sauti, sauti iliyobaki. "Nilijua! Niliwaambia humo ndani, huyu wangu ndiye atakayenitoa!"

Akamkumbatia, kifua kikikoroma juu ya ile nishani. Wapiga picha wakapiga. Radhia alinitazama juu ya bega la babu yake, nami nikatazama viatu vya watu.

Nyumbani nilimpa uji wa pilipili manga, nikamkanda kifua. Alipopata nguvu kidogo aliniuliza, "Siwema, hivi ni nani alinichongea?"

"Sijui," nikasema.

Tumeoana miaka hamsini na mmoja. Nilipovunja bakuli la mama yake, nilimwambia kabla vipande havijatulia chini. Sijawahi kujua kitu ambacho yeye hakijui, wala yeye hajawahi. Nililitamka neno lile huku nikimkanda kifua. Nikashangaa jinsi ilivyo rahisi.

"Simtakii mabaya," alisema. "Nataka tu kumjua. Nikimpa mtu mkono, nijue nampa nani."

Ijumaa Radhia alikuja kula nasi. Alimletea makubazi laini kwa ajili ya miguu yake iliyovimba, akapiga magoti, akamvisha mwenyewe. Makame akamshika kichwa.

"Mke wangu, wewe ni mkubwa huko. Nitafutie aliyenishtaki."

Jikoni kulikuwa na mlango mmoja tu, na mimi nilikuwa nimeuziba na sinia. Radhia alinitazama. Kisha akafungua mkoba, akatoa fomu, toleo la nne, bado inanukia wino.

"Andika ombi, Babu."

Makame alivaa miwani. Aliandika polepole, ulimi nje, mistari yote, hata ule wa jina la babu. Naomba kujulishwa ni nani aliyenishtaki, ili nisalimiane naye. Akaikunja kwa heshima, akanipa mimi niipeleke, kwa sababu bado akiona kioo cheusi hugeuza njia.

Nilikwenda Jumatatu. Karani wa dirisha la kwanza alikuwa mpya, nadhani, maana alisogeza kapu karibu ili nisinyooshe mkono. Aliisoma fomu mpaka chini, palipokuwa na mraba ambao Makame alisahau kuujaza.

"Ni ya haraka, mama?"

Pindo la kanga yangu lilikuwa bado na fundo lile. Nililishika.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Si ya haraka hata kidogo."